Kikaango kidogo cha nonstiki: kabla ya kuuliza utando, kipindue utazame kitako (uzi)

#1 mwiko_wa_mbao (mtoa mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Juzi nimetupa kikaango changu cha nne cha nonstiki, kile kidogo cha mayai ya asubuhi. Kabla ya kukitupa nilikiweka mezani, nikakipindua, nikalaza rula ya chuma juu ya kitako. Mwanga ukapita chini ya rula, katikati. Nikakigeuza upande wa ndani, rula ikawa inacheza: katikati pamenyanyuka kama mgongo wa kobe, pembeni pameshuka. Nikapitisha kidole. Pembeni kinateleza kama siku ya kwanza. Kikifika katikati, kwenye duara la ukubwa wa kiganja changu, kinakwama. Pamekauka na pamegeuka rangi ya majani makavu.

Hapo nikaelewa kitu ambacho sikukielewa kwa vikaango vitatu vya kabla yake. Kila mara nilikuwa naulaumu utando. Kumbe kitako kilipinda kwanza. Mafuta yakawa yanakimbilia pembeni, katikati pakabaki pakavu juu ya moto, utando ukaungua palepale, na yai likaanza kushika palepale. Mimi nilikuwa nanunua kwa kusoma boksi (tabaka tatu, tabaka tano, jiwe, almasi) na sikuwahi hata mara moja kukipindua kikaango dukani nikatazama chini yake.

Basi naweka hapa ninavyochagua sasa. Mwenye kunirekebisha anirekebishe.

Kwanza ukubwa. Namba iliyoandikwa, 20 au 24, ni sentimita za mdomo, yaani ukingo mpaka ukingo. Sehemu unayopikia ni kitako, na kitako ni kidogo zaidi kwa sababu kuta zimelala. Changu cha 20 kilikuwa na kitako cha 14. Nilikuwa nashangaa kwa nini mayai matatu yanapandana! Duara la sentimita 14 lina eneo la sentimita za mraba 154 hivi. Duara la 18 lina 254. Umeongeza sentimita nne tu, nafasi ya kupikia ikaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo nenda na futi ya kushonea au rula, pima ndani, chini. Vikaango viwili vyenye namba moja vinaweza kutofautiana vitako.

Kwa mtu anayejipikia peke yake, 20 inatosha mayai mawili na kimanda chembamba. Ukiwa wawili, au ukitaka kulaza kipande cha samaki bila kukikunja mkia, chukua 24. Mimi ningechagua 24 kama nina nafasi ya kimoja tu.

Pili unene. Hiki ndicho ningekipa uzito kuliko vyote. Vikaango vingi vya nonstiki ni vya alumini, kwa sababu nzuri: alumini inapitisha joto mara zaidi ya kumi kuliko chuma cha stenlesi. Lakini bati jembamba la alumini likipata moto mkali halafu maji baridi, linapinda. Nashika kikaango kwa mpini kwa mkono mmoja, kisha nakishika na kingine cha namba ileile kwa mkono wa pili. Kizito kwa kiasi ndicho nakitaka. Usidanganywe na ukingo, kuna viwanda vinakunja ukingo uonekane mnene wakati kitako ni chembamba. Kigonge kitako kwa pindi la kidole: chembamba kinalia kama kopo, kinene kinatoa mlio mfupi wa kuzimika.

Tatu, mpini. Weka kikaango kitupu juu ya kaunta ukiachie. Vikaango vidogo vyenye mpini mzito huinua pua, na juu ya jiko la gesi lenye vyuma vinavyoachana kitaangukia upande wako na mafuta yake. Hili ni la hatari na halina dawa. Kirudishe rafuni.

Utando nimeuacha wa mwisho makusudi, kwa sababu ndio tunaoufikiria wa kwanza. Najua wapo humu wanaoujua kuliko mimi.

#2 mama_wa_watatu

Asante sana mtoa mada. Mimi swali langu ni moja na linaninyima raha. Kikaango changu kimeanza kuacha vipande vidogo vyeusi kwenye mayai. Watoto wameshakula siku ngapi sijui. Hivyo vipande ni sumu? Na hii habari ya Teflon na saratani ni ya kweli au ni maneno ya kutishana?

#3 fundi_bati

> mama_wa_watatu: Hivyo vipande ni sumu?

Dada, tulia kwanza. Nitajibu kwa urefu kidogo kwa sababu mambo mawili tofauti huwa yanachanganywa.

Ule utando mweusi kwa kawaida ni PTFE. Teflon ni jina la kibiashara la kitu hichohicho. Kiligunduliwa tarehe 6 Aprili 1938 na mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont huko Marekani, bila kukitafuta. Alikuwa na mtungi wa gesi ya kutengenezea vipoozeo vya majokofu. Siku hiyo gesi haikutoka ingawa uzito wa mtungi ulionyesha bado imo. Walipoukata mtungi wakakuta unga mweupe unaoteleza. Mwaka 1954 mhandisi wa Ufaransa, Marc Grégoire, akapata njia ya kuushikiza kwenye alumini. Mkewe Colette ndiye aliyemwambia aipeleke njia hiyo kwenye vyombo vya kupikia. Mwaka 1956 wakaanzisha Tefal, jina lililounganishwa kutoka Teflon na aluminium.

Tabia inayofanya PTFE isishikane na yai ndiyo inayofanya isishikane na mwili wako. Kipande kikimezwa hakimeng'enywi, kinapita kama kilivyoingia. Kwa hiyo hao watoto wasikutoe usingizi. Ila kikaango kinachobanduka kimeshaisha kazi, kitoe jikoni, kwa sababu pale palipobanduka chakula kitashika na wewe utaongeza moto na kukwangua zaidi.

Habari ya saratani inahusu kemikali nyingine, PFOA, ambayo ilikuwa inatumika kiwandani wakati wa kutengeneza PTFE. Hiyo ni mbaya kweli. Haiozi, inakaa katika maji na katika damu. Waliodhurika zaidi ni wafanyakazi na watu waliokunywa maji ya karibu na viwanda, maana kwenye kikaango kilichokwisha kuokwa hubaki kidogo mno. Mwaka 2006 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikubaliana na kampuni nane kubwa ziiache kabisa kufikia 2015. Mwaka 2019 ikaingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuzuia kemikali zisizooza, na mwaka 2023 shirika la utafiti wa saratani la WHO likaiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Sasa angalia mtego wa boksi. Kikiandikwa "hakina PFOA", maana yake ni hiyo tu. PTFE inaweza kuwamo, na mara nyingi imo. Mtu anasoma anadhani amenunua kitu kisicho cha Teflon. Kama unataka kisicho na jamii nzima ya kemikali hizo tafuta maneno "hakina PFAS", maana PFAS ndilo jina la jamii yenyewe, PTFE na PFOA zote zimo; "hakina PTFE" peke yake haitoshi. Minnesota, kule Marekani, imepiga marufuku kuuza vyombo vya kupikia vilivyowekwa PFAS kuanzia Januari 1, 2025, kwa hiyo si jambo la watu wachache wenye wasiwasi.

#4 mama_wa_watatu

Nimelala vizuri kwa maelezo haya, ndugu yangu. Kikaango nimeshakitoa.

#5 fundi_bati

Karibu sana. Niongeze moja kwa mtoa mada. Rula yako ni nzuri, ila kikaango kipya chenye ubonyeo mdogo sana chini kikiwa baridi usikikatae. Wengine hukitengeneza hivyo makusudi, kwa kuwa chuma kinatanuka kikipata joto na kitako kinajinyoosha. Kipimo changu ni karatasi: ikipita moja chini ya rula, sawa. Ukiona mwanga wa kutosha kupitisha sarafu, hapana. Na ikiwa kitako kimetokeza nje, kikaango kinazunguka kama pia juu ya meza, usikiguse hata kama ni cha bure.

#6 mwiko_wa_mbao

Mkuu, hapo umenisaidia. Nilikuwa nakataa hata vilivyo vizima.

#7 mfuga_kasuku

Naomba niseme jambo na mlichukulie kwa uzito.

Nilikuwa na kasuku, amekaa nasi miaka sita. Kibanda chake kilikuwa karibu na jiko. Jioni moja niliweka kikaango cha nonstiki kwenye moto mkubwa kipate joto, simu ikaita, nikatoka nje kuongea. Sikukaa hata robo saa. Niliporudi kikaango kilikuwa kinafuka, harufu kali ya kama plastiki imejaa, na kasuku wetu yuko chini ya tundu, anatweta. Hakumaliza usiku. Daktari wa mifugo alinieleza kuwa mapafu ya ndege hayavumilii mvuke wa utando ule ukiunguzwa.

Mwenye ndege ndani ya nyumba, tafadhali usiwe na kikaango hiki kabisa, au ndege akae mbali na jiko na madirisha yawe wazi. Mwanangu bado anamtaja.

#8 fundi_bati

Pole sana ndugu. Ni kweli tupu, na binadamu pia hupata kitu chake: homa, baridi, kifua kubana, kama mafua makali, saa chache baada ya kuvuta ule mvuke. Kwa kawaida huisha siku moja au mbili, lakini haitakiwi itokee.

Namba za kukumbuka ni hizi. Ukomo wa PTFE kwa matumizi ya kila siku ni nyuzi 260 za Selsiasi. Juu ya hapo utando unaanza kuharibika taratibu, 327 unayeyuka, na ukivuka 350 unavunjika haraka na kutoa mvuke wenye madhara. Mafuta ya mboga yaliyosafishwa mengi hutoa moshi kati ya 200 na 240 hivi. Kwa hiyo ukiwa na mafuta ndani, moshi ni onyo lako: ukiuona, bado uko chini ya ukomo lakini umekaribia. Kikaango kitupu hakina cha kukuonya. Juu ya moto mkali kinavuka 260 ndani ya dakika chache, kimekaa kimya, kinang'aa vilevile.

Ndiyo maana nakubaliana na mtoa mada kwamba unene ni wa kwanza. Kikaango kinene kinachelewa kupanda na joto linasambaa. Chembamba kinapanda pale moto ulipo na pengine pamepoa. Unaweza kuwa na 180 pembeni na 280 katikati kwa wakati mmoja.

#9 jiko_la_umeme

Jamani, mimi natumia jiko la indaksheni, lile la umeme linalopasha chombo chenyewe kwa nguvu ya sumaku. Nilinunua kikaango kidogo kizuri sana, nikafika nyumbani, jiko likawa linapiga kelele tu halikioni. Nifanyeje nisirudie?

#10 mwiko_wa_mbao

Nenda na sumaku, hata ile ya kubandika kwenye friji. Iweke katikati ya kitako, kisha isogeze kuelekea ukingo. Isiposhika kabisa, jiko lako halitakiona. Ikishika katikati tu kisha ikaanguka, maana yake sahani ya chuma iliyobandikwa ni ndogo na joto litakuwa katikati tu. Unataka ishike karibu mpaka mwisho wa kitako.

#11 fundi_bati

Na angalia aina ya sahani. Kuna vile vya sahani yenye matundu matundu iliyokandamizwa ndani ya alumini, na vile vya sahani nzima. Vya matundu vinafanya kazi, ila kuna majiko yanavikataa, hasa kikaango kikiwa kidogo, kwa sababu chuma chenyewe ni kichache na jiko linahitaji kuona kiasi fulani ndipo liwake. Kwa 20 chukua sahani nzima.

Halafu indaksheni ni kali kuanza. Usiweke namba ya juu eti kipate joto haraka. Weka ya kati, subiri.

#12 chuma_cheusi

Mimi nitapingana na uzi mzima kwa heshima. Kwa nini kununua kitu ambacho utakitupa? Nina kikaango cha chuma cheusi cha sentimita 20. Kila wiki nakipaka mafuta kiduchu, nakipasha, mafuta yanageuka utando mgumu wenyewe. Yai linateleza. Ukikwangua, unapaka tena. Nimekuwa nacho miaka kumi na moja na wanangu watakirithi.

#13 mwiko_wa_mbao

Mkuu, nakuheshimu na chuma cheusi nakipenda. Nilikuwa nacho. Lakini tuwaambie watu ukweli wote. Miezi ya kwanza yai linashika. Ukipika nyanya au ukakamulia limau, asidi inakula ule utando na unaanza upya. Ukikiacha na maji usiku kucha asubuhi kina kutu. Na ni kizito: mama yangu mzazi ana maumivu ya viungo vya mikono, hawezi kukiinua kwa mkono mmoja ateleze yai kwenye sahani. Kikaango chepesi cha nonstiki kinamwezesha ajipikie mwenyewe bila kumwita mtu. Kwangu mimi hiyo ni sababu kubwa kuliko urithi.

#14 chuma_cheusi

Hapo kwa mama umenigusa. Sikulifikiria hilo. Basi niseme hivi: nyama ya kuunguza juu kwa moto mkali ije kwangu, mayai na samaki laini yabaki kwenu.

#15 fundi_bati

Nakubali mgawanyo huo kabisa, na ndio unaorefusha maisha ya nonstiki. Kikaango kidogo kikibaki cha mayai, samaki, na kupasha kiporo kwa moto wa kati, kinadumu. Siku utakapokitumia kubabua nyama ndiyo siku unayoanza kukizika.

#16 dada_wa_pili

Hamjasema lolote kuhusu vile vya seramiki vyeupe, na vile vya "granite" vyenye madoadoa. Kipi ni kipi?

#17 fundi_bati

Swali zuri sana hili.

Vya madoadoa: tazama maandishi madogo. Vingi ni alumini yenye utando wa PTFE wa kawaida, na madoadoa ni rangi iliyonyunyiziwa. Hakuna jiwe limechongwa. Havina ubaya, ila usilipie jina la jiwe. "Almasi" na "titani" vivyo hivyo. Wanachanganya chembe ngumu kidogo kwenye utando ili uvumilie msuguano, inasaidia kiasi, lakini ukomo wa joto unabaki uleule kwa sababu PTFE ni ileile.

Seramiki: jina nalo linapotosha kidogo, maana si udongo uliochomwa kama chungu. Ni utando wa silika unaonyunyiziwa ukiwa majimaji kisha unaokwa. Hauna PTFE. Ukiunguzwa hautoi ule mvuke unaoua ndege, kwa hiyo ndugu mfuga_kasuku, kama unahitaji kikaango cha kuteleza, huu ndio wako. Siku za kwanza unateleza ajabu. Kasoro yake ni kwamba huchoka mapema kuliko PTFE. Utauona mzima, haujabanduka, haujakwaruzika, lakini yai limeanza kushika. Moto mkali unauharakisha hata huo, kwa sababu mafuta yanaungua na kuacha ngozi nyembamba isiyoonekana.

Nikiulizwa mimi: nyumba yenye ndege, au mtu asiyetaka PFAS kwa dhamira yake, achukue seramiki na akubali kubadilisha mapema. Wengine, PTFE juu ya alumini nene.

#18 dada_wa_pili

Hiyo ngozi ya mafuta inatoka? Changu cha seramiki kimefika hapo.

#19 mwiko_wa_mbao

Mara nyingi inatoka, angalau kwa sehemu. Weka maji nusu ya kina cha kikaango, vijiko viwili vya magadi ya kuokea, chemsha polepole dakika kumi. Acha yapoe yenyewe. Kisha changanya magadi na maji kidogo yawe kama uji mzito, sugua kwa sponji laini ukizungusha. Utaona sponji inageuka ya hudhurungi, hiyo ndiyo ngozi yenyewe inaondoka.

Na acheni mafuta ya kopo ya kupuliza. Yale yana lesithini, na lesithini ikiungua inabaki kama gundi. Kijiko cha chai cha mafuta ya kawaida, ukayasambaza kwa karatasi, kinatosha.

#20 nyumba_mpya

Nimefuatilia kimya tangu mwanzo. Ndiyo kwanza nahamia kwangu, hiki kitakuwa kikaango changu cha kwanza. Naomba mnieleze kama mtoto: nikifika nacho nyumbani, asubuhi ya kwanza nafanya nini hasa? Moto wa kati ni upi? Kila mtu anasema wa kati.

#21 mwiko_wa_mbao

Karibu sana, na hongera kwa kuhamia kwako. Moto wa kati haupo kwenye kitasa cha jiko, kwa sababu kila jiko lina ukali wake. Utaupata kwa siagi.

Kioshe kwa sabuni ya vyombo na sponji laini, kikaushe. Kiweke jikoni kikiwa baridi, na humo humo weka kipande cha siagi cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Washa moto mdogo kuliko unavyofikiri. Sasa simama hapo utazame. Siagi itayeyuka. Halafu itaanza kutoa povu na kusema chii chii: hayo ni maji yaliyomo ndani ya siagi yanachemka, uko karibu na nyuzi 100. Povu litatulia, mlio utapungua. Maji yamekwisha. Hapo ndipo penyewe, mimina yai sasa. Ukichelewa, utaona chembe za maziwa chini zinageuka rangi ya njugu na harufu nzuri inapanda. Hiyo ni kama 150, bado uko salama kabisa ila yai litapata ngozi ya kahawia. Siagi ikigeuka nyeusi umeshapita. Zima, acha kipoe, futa, anza tena na moto mdogo zaidi.

Angalia pia povu lilianzia wapi. Likianza katikati na pembeni kwa pamoja, kikaango chako ni kizuri na kimelingana na jiko. Likichemka upande mmoja wakati upande mwingine siagi bado ngumu, kisogeze, au jiko lako si sawa. Na mwali wa gesi usivuke kitako. Mwali ukilamba kuta za nje, unaunguza utando wa pembeni ambapo hakuna chakula, na mpini unapata moto.

Tia alama kwenye kitasa kwa kalamu pale ulipopata povu zuri. Mimi yangu ipo mpaka leo.

#22 fundi_bati

Ongeza: ukimaliza usikipeleke moja kwa moja chini ya bomba. Ile sauti ya "tssss" inayofurahisha watu ndiyo inayopinda kitako. Kile kitako cha mtoa mada cha kwenye #1, nadhani ndicho kilichokipata.

#23 mwiko_wa_mbao

Ndicho, mkuu. Nilikuwa nafanya hivyo kila asubuhi nikiwahi kazini. Sasa nakiacha juu ya jiko lililozimwa, nakula, narudi kukiosha. Bado kina uvuguvugu na uchafu unatoka kwa kufuta tu.

#24 jiko_la_umeme

Mashine ya kuoshea vyombo? Boksi langu linasema inaruhusiwa.

#25 fundi_bati

Kuruhusiwa ni kusema hakitakufa siku hiyo. Sabuni za mashine zina alkali kali, na alumini haiipendi alkali. Ukingo ambapo utando unaishia, na kandokando ya ribiti (vile vipini vya chuma vinavyoshikiza mpini kwenye ukuta), ndipo inapoingilia, inakula alumini chini ya utando, na utando unaanza kunyanyuka kuanzia hapo. Kikaango kimoja kidogo unakiosha kwa mkono kwa nusu dakika. Kioshe kwa mkono.

Ribiti zenyewe, kama una nafasi ya kuchagua, chagua zilizofunikwa utando au mpini uliofungwa kwa nje bila kutoboa kuta. Yai linapenda kujificha kwenye vichwa vya ribiti. Mpini wa skrubu ni sawa tu, ila kaza skrubu kila baada ya muda, usingoje ucheze.

#26 nyumba_mpya

Wakuu, narudi na mrejesho.

Nilikwenda na rula, sumaku na karatasi moja mfukoni. Muuzaji alinishangaa mwanzoni, baadaye akawa ananisaidia kupima. Tulipima saba. Viwili vya 24 vilikuwa na kitako cha 16, kimoja cha 19. Kimoja kilichokuwa kimepambwa kuliko vyote kilizunguka mezani kama alivyosema fundi. Nimechukua cha 24, kitako 18, alumini nene, PTFE ya kawaida nyeusi, mpini mwepesi, sumaku inashika mpaka karibu na ukingo. Kwenye boksi hakuna neno la jiwe wala almasi.

Leo asubuhi nimefanya ya siagi. Moto wa kwanza ulikuwa mkubwa, ikawa nyeusi, nikaanza tena kama ulivyosema. Mara ya pili povu lilianza pande zote. Nikamimina mayai mawili, nikangoja, nikatikisa mpini kidogo, yakatembea yote kama kipande kimoja. Nimesimama hapo nikiyatikisa mbele na nyuma kama dakika nzima. Asanteni sana, kweli.

Swali la mwisho: hakikuja na kifuniko. Nitafute chake?

#27 mwiko_wa_mbao

Hongera sana, umenifurahisha mno. Kifuniko usinunue kwanza. Pima mdomo kwa ndani, ukingo kwa ukingo, kisha jaribu vifuniko vya sufuria zako; kikitoshea cha 24 kimepatikana. Cha kioo ni bora, unaona yai bila kufunua. Na ukikihifadhi kabatini, weka kitambaa ndani yake kabla hujaweka chombo kingine juu.

#28 mama_wa_watatu

Nami jioni hii naenda na rula.